Karamu Isiyomaliza Ghala

Mkulima mmoja wa skimu ya Lugari alifanya karamu mwezi wa Desemba, binti yake alipohitimu masomo ya ualimu. Ghalani mwake mlikuwa na magunia 25 ya mahindi. Aliuza 15, kwa bei ya Desemba, ambayo kila mkulima wa Lugari anaijua, maana wakati huo kila mtu anauza. Kwa fedha hizo alinunua ng'ombe dume, mchele, mikate na makreti ya soda. Wageni walikaa tangu saa nne asubuhi bila kutia kitu mdomoni, wakisubiri nyama iive. Ilipoiva saa tisa, waliila kwa njaa, na sufuria zikawa tupu kabla ya wazee wa upande wa mkewe kufika kutoka Malaba, kwa sababu gari lao liliharibika njiani. Wazee hao walipewa mkate na chai.

Mwezi wa Machi hakuwa na fedha za mbolea. Mwezi wa Mei alikuwa akinunua mahindi sokoni kwa gorogoro, kwa bei ya juu kuliko ile aliyouzia yake. Tunaeleza habari hii kwa ruhusa yake, na jina lake tumeliacha. Hata hivyo wasomaji wetu wengi, wawe wa Lugari, Likuyani au Mautuma, watamtambua, kwa kuwa kila mmoja ana jirani kama huyu, au ni yeye mwenyewe.

Mwezi wa Agosti mwenzetu huyo alialikwa kwa shemeji yake, ndugu ya mkewe, anayelima upande wa Amukura, huko Teso Kusini katika Busia. Huko nako mtoto alikuwa amehitimu. Mwandishi wa makala haya alikwenda pamoja naye. Tulitazamia kuona ng'ombe amefungwa chini ya mti. Ng'ombe hakuwapo. Ilikuwapo meza.

Meza yenyewe

Meza hiyo ilikuwa ni mbao tatu ndefu zilizolazwa juu ya magogo, chini ya mwembe, zikatandikwa majani ya mgomba yaliyooshwa na kupanguswa. Vyakula viliwekwa juu yake tangu mgeni wa kwanza alipofika, na kila mtu alichukua kidogo kidogo, akaenda kuketi, akazungumza, kisha akarudi tena apendapo. Katika miji siku hizi watu hulipa fedha nyingi wapangiwe meza ya namna hii, yenye jibini na matunda ya kutoka nchi za mbali. Huko Amukura karibu kila kitu kilitoka katika shamba lililokuwa nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na karanga za kukaanga na karanga mpya za kuchemshwa na maganda yake. Kulikuwa na njugu mawe zilizochemshwa kwa chumvi hadi zikawa laini. Kulikuwa na viazi vitamu vya rangi ya machungwa, vimekatwa vipande vinene, na mihogo mitamu ya kuchemsha. Kulikuwa na mahindi mabichi ya kuchoma, yamekatwa mara tatu ili mtoto asichukue hindi zima akalitupa nusu. Kulikuwa na vidonge vya simsim, ndizi mbivu, mananasi, vipande vya muwa, mayai ya kuchemsha, na dagaa wa ziwani, yaani omena, waliokaangwa hadi wakawa wakavu. Katika ungo mmoja mdogo palikuwa na kumbikumbi waliokaushwa tangu mvua za Aprili. Ungo huo ndio uliokwisha mapema kuliko vyote, na lazima niseme kwamba mwandishi alihusika.

Kabalagala nazo zilikuwapo, vile vitumbua vya Kiganda vya ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa mihogo. Mama mwenye nyumba alijifunza kuzipika kwa wanawake wa ng'ambo ya mpaka, sokoni Malaba. Watu wa sehemu hizi hawaoni ajabu kula vyakula vya pande mbili. Mpaka ulipohamishwa mwaka wa 1902, na jimbo la mashariki la Uganda likatiwa katika Kenya, Wateso na Wasamia walijikuta wako pande zote mbili, na jikoni zao hazikugawanyika.

Vitu vilivyonunuliwa vilikuwa vichache: sukari, mafuta ya kupikia, chumvi, majani ya chai, mananasi kumi, na samaki wabichi waliotoka Port Victoria. Vililetwa na kijana wa bodaboda kwa safari mbili. Neno hilo la bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani hapa Busia katika miaka ya 1960, vijana walipokuwa wakivusha abiria kwa baiskeli kutoka nchi hii hadi ile, wakiita kwa sauti jina la mpaka kwa Kiingereza.

Wageni walikuwa karibu 80. Mama mwenye nyumba alitupa hesabu yake, nasi tunaiandika kama alivyoitaja: karanga gorogoro 4, njugu mawe gorogoro 3, viazi vitamu madebe 3, mihogo debe moja na nusu, mahindi mabichi 60, mayai 60, ndizi mbivu mikungu 2, unga wa ugali kilo 12, kuku 9, samaki wakubwa 12. Mwenzetu wa Lugari aliisikia hesabu hiyo akaanza kuhesabu kwa vidole. Alipofika kwenye kuku tisa alinyamaza.

Kwa nini kuku tisa walitosha

Siri ya jambo hili si uchoyo. Mgeni aliyekaa saa tano bila kula atakula nyama kama simba, na hakuna ng'ombe atakayemtosha. Mgeni aliyekuwa akitafuna karanga, kiazi na nanasi tangu alipofika hufurahia kipande kimoja cha kuku na mchuzi wake, kwa kuwa amekwisha kushiba nusu. Tena yule anayechelewa hakuti sufuria tupu. Wazee wa upande wa Malaba wangalifika Lugari siku ile wakakuta meza kama hii, wasingalipewa mkate mkavu.

Chakula cha moto kililetwa mara mbili tu: saa saba kwa waliokuwapo, na saa kumi kwa waliokuja baadaye. Kilikuwa ni ugali wa wimbi na mihogo, ambao Wateso huuita atap, kuku wa mchuzi wa karanga, samaki, mrenda, na majani ya kunde yaliyolainishwa kwa munyu, yaani ile chumvi ya majivu. Kila mara kilipikwa kwa sufuria zake. Habari za sufuria hizo tutazirudia, kwa maana ndipo penye hatari.

Kwanza tuseme neno juu ya ugali huo. Baadhi ya wakulima wa skimu walitoka Busia, Nambale au Butula, au baba zao ndio waliotoka huko. Nyumbani mwao ugali ulikuwa mweusi. Walipopata eka zao katika skimu, walilima mahindi, na mahindi yakawa ndiyo chakula na ndiyo fedha. Siku hizi mgeni akija, unga wa wimbi au wa mihogo hufichwa, ukanunuliwa mchele, kana kwamba wimbi ni jambo la aibu. Hili ni kosa, na ni kosa la gharama. Wimbi lina madini ya chokaa na chuma kuliko mahindi meupe, na likikaushwa vizuri hukaa ghalani miaka bila kuliwa na dumuzi. Mgeni kutoka Nairobi aliyekuwapo Amukura alipakua ugali huo mara mbili, na wali hakuuliza.

Kipimo cha mama mwenye nyumba ni gorogoro mbili za mihogo mikavu kwa gorogoro moja ya wimbi au mtama, zisagwe pamoja. Mihogo hufanya ugali ushikane, nalo wimbi huupa ladha na rangi.

Adabu ya meza

Mwenzetu wa Lugari alikuwa na swali ambalo wasomaji wengi watakuwa nalo. Kwetu mgeni hajipakulii. Hukaa, akanawishwa, akaletewa. Je, mzee mwenye heshima zake ataambiwa asimame akachukue kiazi mwenyewe kama mtoto?

Hataambiwa. Pale Amukura vijana wawili waliwekwa kando ya meza, mmoja msichana na mmoja mvulana, na kazi yao ilikuwa ni kuwapelekea wazee, wajawazito na wagonjwa sinia ndogo zenye kidogo cha kila kitu. Vijana wengine na watu wa makamo walijichukulia. Firigisi za kuku ziliwekwa mbali kabla ya chombo chochote kutoka jikoni, zikapelekwa kwa wale wanaostahili. Katika Waluhya firigisi si nyama tu, ni cheo, na anayeiacha sufuriani ili ichukuliwe na yeyote ataisikia habari hiyo kwa miaka mingi. Zamani wanawake hawakula kuku kabisa katika sehemu hizi. Desturi hiyo imekwisha karibu kila mahali, na siku ile akina mama hawakuonyesha dalili ya kuikumbuka.

Kulikuwa na jambo jingine. Mkwe na mama mkwe hawali mahali pamoja. Kwa sababu hiyo kulikuwa na meza ya pili, fupi, nyuma ya nyumba, yenye vitu vile vile, ambako mama yake mkewe mwenzetu na wanawake wa rika lake walikaa kwa raha bila mtu kuwapita. Alimtumia mkwe wake salamu kwa mjukuu, pamoja na sahani ya kumbikumbi. Mtu atakayepanga meza moja kubwa mbele ya nyumba, kama afanyavyo mtu wa mjini, atawatia wakwe zake katika taabu: wataondoka na njaa wakisema wameshiba.

Ama chungu cha ajon, pombe ya wimbi inyweyayo kwa mirija, kiliwekwa mbali na watoto, na kila mzee alikuja na mrija wake mwenyewe. Mrija wa kupokezana ni njia ya magonjwa, na wazee wenyewe walisema hivyo. Wasiokunywa pombe walipewa uji wa wimbi uliochachuka kidogo, wenye sukari na ndimu, nao ulikwisha kabla ya soda.

Hatari tatu

Meza ya namna hii hukaa nje mchana kutwa katika joto la Busia. Asiyejua mambo yake atawalisha watu 80 furaha, na usiku atawasikia wakilia matumbo. Kuna mambo matatu ya kuangalia, na mawili kati ya hayo yamepata kuua watu.

La kwanza ni karanga. Karanga zilizopata unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu ambayo Bwana Shamba huiita sumukuvu. Mwaka wa 2004 sumu hiyo ilikuwa katika mahindi huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, na katika wagonjwa 317 waliohesabiwa, 125 walikufa. Katika karanga za Busia na Homa Bay pia wachunguzi waliipata, na matokeo yao yalitolewa mwaka wa 2009. Busia ndiyo iliyoonekana kuwa na hatari zaidi. Tena mwezi wa Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa muda mahindi ya kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii hii, na malori yakasimama mpakani.

Ubaya wa sumukuvu ni kwamba haionekani kwa macho na haiishi kwa kukaangwa. Basi kazi hufanywa mapema. Ukivuna, kausha karanga juu ya turubai au mkeka, wala si juu ya udongo mtupu. Usiloweshe maganda kwa maji ili yapasuke upesi, kama wafanyavyo wengine wanaotaka kulinda vidole vyao. Ni kuialika kuvu. Kabla ya kukaanga, mwaga karanga juu ya sinia, uzichague moja moja: iliyonyauka, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, iliyochipua, zote ziondolewe. Na hizo ulizoondoa usiwatupie kuku, kwa kuwa zitawadhuru hao nao. Zichimbie shimo. Huko Amukura watoto wanne walifanya kazi hii jioni mbili, nao walilipwa kwa karanga nzuri.

La pili ni mihogo. Mwezi wa Septemba 2017 watu wa wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, walikusanyika katika matanga, wakala ugali wa mihogo. Watu walianza kutapika na kuharisha, na uchunguzi ulipokwisha ilionekana kwamba waliougua katika wilaya hiyo walikuwa 98, na wawili walikufa. Ilikuwa ni sumu ya sianidi, iliyomo katika mihogo michungu isiyotengenezwa vizuri, na unga uliowadhuru ulifuatwa hadi kwa mwuzaji mmoja wa jumla. Watu wa matanga hayo hawakuwa wajinga wa mihogo. Walinunua unga ambao hawakujua umetokana na nini.

Kwa hiyo, kwa karamu, tumia unga wa mihogo uliyoimenya, kuivundika, kuikausha na kuisaga wewe, au uliofanywa na jirani unayemwamini. Wateso huirundika mihogo iliyomenywa na kuifunika siku chache hadi ilainike na kuota, kisha huikwangua na kuianika juani hadi ivunjike kwa mkono. Kazi hiyo ya kuchosha ndiyo iondoayo sumu. Asiyekuwa na muda wa kuifanya asiikate katikati, bali atumie mahindi. Na mihogo ya kuchemsha mezani iwe ni ya aina tamu tu, imenywe, ikatwe, ichemshwe bila kufunikwa, na maji yake yamwagwe. Shamba likiwa na aina mbili zilizochanganyika, na wewe hukumbuki ni ipi iliyo wapi, chemsha viazi.

La tatu ni chakula cha moto kilichopoa. Nyama, samaki, mchuzi na wali vilivyopikwa visikae katika joto la mchana zaidi ya saa mbili. Hayo ndiyo mafundisho ya Shirika la Afya Duniani, na katika jua la Malaba mtu mwenye akili atapunguza hata hizo saa mbili. Ama kikae moto kweli, hadi mtu hawezi kukishika, ama kiliwe na kiishe. Ndiyo sababu mama wa Amukura alipika mara mbili. Kuku wa saa kumi walichinjwa asubuhi lakini walitiwa motoni saa nane. Sufuria zilizotangulia kuiva aliziweka ndani ya vikapu vikubwa vilivyojazwa majani makavu ya mgomba, akazifunika kwa mto uliojazwa majani hayo hayo. Kikapu cha namna hii hushika moto wa chakula kwa saa kadhaa bila kuni, nacho hufumwa kwa siku moja. Mabibi wa vikundi vya Maendeleo ya Wanawake hukifahamu; asiyekifahamu na awaulize.

Angalia sasa kwamba vitu vilivyokaa mezani mchana kutwa ni vile ambavyo havidhuriki upesi: vikavu, au matunda yasiyokatwa. Karanga za kukaanga, simsim, kumbikumbi, omena mkavu, ndizi. Mayai hayakumenywa, kila mtu alimenya lake. Mananasi yalikatwa moja moja kadiri yalivyoliwa, na viazi na mihogo vililetwa sinia moja baada ya nyingine. Vyote vilifunikwa kwa chandarua kilichofuliwa, kwa ajili ya nzi. Pembeni vilitundikwa vibuyu chirizi viwili vyenye sabuni, na mtoto wa miaka kumi aliwekwa hapo kama askari. Hakumpitisha mtu mwenye mikono mikavu, hata chifu.

Meza huanza shambani

Turudi kwa msomaji wa skimu, ambaye labda anasema: Hayo ni ya Busia, sisi tuna mahindi.

Ni kweli, na ndipo palipo shida. Eka zote zikiwa mahindi, karamu haina pa kutoka ila katika kuuza mahindi. Lakini mkulima anayejua mwezi wa Februari kwamba mtoto wake atahitimu Agosti au Desemba ana nafasi ya kupanda meza yake. Robo ya eka yatosha. Viazi vitamu huwa tayari kwa miezi minne au mitano, katika baridi ya skimu huenda ikawa sita. Kabode na Vita ni aina za rangi ya machungwa zilizotolewa Uganda mwaka wa 2007, nazo zina vitamini A ambayo viazi vyeupe havina. Katika Busia na Bungoma akina mama wajawazito walipewa marando ya viazi vya namna hii katika mpango wa kliniki ulioanza mwaka wa 2009. Wimbi likipandwa mvua za Machi huvunwa kabla ya mwisho wa mwaka, na kunde huchumwa majani baada ya majuma machache tu.

Karanga hazitaki baridi nyingi. Aliye sehemu ya juu ya skimu asipoteze ardhi kwazo. Abadilishane na ndugu wa Busia, debe la maharage kwa debe la karanga, kama walivyofanya wazee. Mihogo nayo hukomaa polepole juu huko, mwaka na zaidi. Anayetaka kuijaribu asikate vijiti shambani kwa jirani tu. Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato kali ulivuka kutoka Uganda ukaingia magharibi mwa Kenya, ukamaliza mihogo ya Busia hata watu wakaacha kuilima. Ilirudi kwa aina zinazostahimili, kama Migyera. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Alupe, kilicho nje kidogo ya mji wa Busia, hushughulika na mihogo, mtama, wimbi na karanga, na ndicho mahali pa kuuliza mbegu safi.

Kuku nao huanzwa mapema. Kuku wa kienyeji huchukua karibu miezi sita kuwa wa kuchinjwa. Anayeanza kuwatafuta juma la karamu atawanunua mpakani kwa bei ya mtu mwenye haraka.

Mwenzetu wa Lugari alimwuliza shemeji yake jambo moja tu kabla ya kuondoka: ghalani kumepungua nini? Walikwenda wote wawili kutazama. Gunia moja la wimbi lilikuwa limefunguliwa. Mahindi, ambayo yalikuwa yamevunwa karibuni na kuanikwa, hayakuwa yameguswa, na katika meza chini ya mwembe zilibaki karanga kama gorogoro moja, ambazo msichana alikuwa akizirudisha katika debe lenye mfuniko.

Tulirudi jioni. Kwenye kibanda cha bodaboda mwenzetu alikuwa na gunia lenye maji likidondoka, na ndani yake marando ya Kabode aliyokatiwa na wifi wa mkewe, kila moja na vifundo sita au saba. Marando ya namna hiyo yakifungwa katika gunia bichi na kuwekwa kivulini hukaa siku mbili tatu bila kuharibika. Aliyapanda Jumatatu, mahali palipokuwa na mahindi yaliyovunwa mabichi, na wakati wa kuandika makala haya mkewe amekwisha kutuma ujumbe Amukura akiuliza habari za mbegu ya njugu mawe.